Kinyozi Aliyekwama Sura ya Nne

Watu husema kinyozi hajinyoi. Mimi methali hiyo nimeolewa nayo. Nimeifulia nguo, nimeipikia, nimeizalia watoto watatu, na bado naishi nayo nyumba moja.

Mume wangu ni kinyozi wa mtaa huu tangu akiwa kijana mwenye kiuno chembamba. Chumba cha mbele cha nyumba yetu tumekigawa kwa ukuta wa mbao: upande wa kulia kiti chake cha kuzunguka, kioo na makopo ya poda, upande wa kushoto cherehani yangu na vitambaa vya watu. Ukuta wenyewe haufiki juu, na mbao mbili zimeachana katikati, kwa hiyo miaka yote hii hakuna neno lililosemwa kwenye kile kiti ambalo sikulisikia. Siri za wanaume wa hapa nazijua kuliko wake zao. Nimenyamaza kwa sababu nina kazi nyingi, msidhani ni adabu.

Wateja humwita Mzee Wembe. Mimi humwita baba watoto, na siku akiniudhi humwita Profesa, naye akisikia hivyo anajua chai ya siku hiyo haina sukari.

Huo uprofesa aliletewa mlangoni. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ni mwalimu mkuu mstaafu, mtaa mzima unamwita Kengele, kwa sababu enzi zake hakumwamini mtu mwingine kuigonga kengele ya shule. Alipostaafu akaanza kupunguza vitabu nyumbani, na siku moja alikuja kunyolewa akiwa na kimoja kinene kwapani. Akamwambia mume wangu, "Hii ni hazina, mzee mwenzangu. Soma ujue tunakokwenda."

Ndani mlikuwa na maneno ya mzee mmoja wa kale, enzi watu wakiandika kwenye ngozi, akimfundisha mwanafunzi wake namna ya kuishi na namna ya kuzeeka. Mzee hana jina, mwanafunzi naye hana. Sura ni tano. Ya kwanza inahusu ujana, ya pili kazi, ya tatu watu wa nyumbani, ya nne uzee, na ya tano haina kichwa cha habari. Mume wangu alizipita tatu za mwanzo mbio mbio. Ile ya watu wa nyumbani aliimaliza kwa siku mbili, na jambo hilo mimi sijalisahau. Alipofika ya nne akatia nanga.

Sura ya nne ni tamu, sitasema uongo. Ndimo mzee wa kale anamosema, "Uzee haubishi hodi, huingia kama vumbi, unafagia leo na kesho lipo." Ndimo anamosema, "Nywele nyeupe si taji wala si aibu, ni nywele." Hilo mume wangu alilipenda mpaka akaliandika kwenye kipande cha boksi akakitundika juu ya kioo. Wanaume waliokuwa wakija kupakwa rangi nyeusi wakalisoma, wakaona haya, wakaacha kuja. Biashara ya rangi ikafa hivi hivi naiona.

Na ndimo ulimo ule mstari uliotukalia nyumbani kama mgeni asiyeaga: "Ukuta mkongwe hauoni haya kuegemezwa gogo." Mimi niliusikia mara moja tu, nikiwa napinda pindo la sketi, nikauelewa. Ukuta umechoka, wekea gogo, maisha yaendelee. Kumbe wasomi haikuwatosha. Mmoja aliandika kitabu kizima kueleza kwamba gogo lile lilikuwa la mti mgumu, na maana yake ni hekima. Mwingine akaandika chake kumjibu, ati mti ulikuwa laini, na maana yake ni subira. Wa tatu akasema wote wamepotea, hapakuwa na gogo, aliyenakili alisinzia. Mume wangu akavitafuta vyote, na kila kitabu alichopata kilimtaja kingine ambacho lazima akisome kwanza. Watoto wetu wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakahamia miji mingine, na sisi bado tuko kwenye gogo.

Vitabu vyote alivifunika kwa karatasi ya kaki, kama wanafunzi wanavyofunika madaftari, ili vumbi la nywele lisiharibu majalada. Rafu nzima ikawa kaki tupu. Hata kitabu changu cha ufugaji wa kuku, nilichonunua nilipoanza kufuga uani, alikivalisha kaki bila kuniuliza. Hapo kwenye kuku pashikeni, nitaparudia.

Kila Alhamisi alasiri alikuwa anafunga kazi ya kunyoa na kufungua darasa. Wazee sita saba walikaa kwenye mabenchi ya wateja, Kengele mbele yao, naye mume wangu akakaa juu ya kile kiti cha kuzunguka kama hakimu, akasoma kidogo na kueleza sana. Alieleza namna mtu anavyopaswa kuupokea uzee, kuukubali, kutouficha. Alisema vizuri, jamani. Hata mimi nilikuwa naisimamisha cherehani nimsikilize.

Halafu yakaanza mambo madogo madogo. Akimimina chai, kidole anakitia ndani ya kikombe. Nikamgombeza, akasema anapima joto. Siku moja aliliamkia koti langu lililotundikwa mlangoni, "Karibu, kaka, kaa," na koti halikukaa. Mteja mgeni akiingia, mashine ghafla mbovu, arudi kesho. Wembe wenyewe aliutupa sandukuni, akasema nyembe za siku hizi ni feki. Mimi nikajua ni kile kitabu kimemla akili. Nikasema, haya, Profesa, endelea, siku moja utanyoa mto ukidhani ni mteja.

Basi Alhamisi moja, kitabu chake kikuu kilikuwa kimeachana mgongo. Kurasa zilining'inia. Nikaona nikichukue nikishone, maana nina sindano ya ngozi na uzi wa nguvu, mwenyewe akiwa anaoga. Asubuhi hiyo kuku wangu mmoja alikuwa anaumwa, na mkononi nilikuwa na kile kitabu cha ufugaji. Nikakiweka kwenye meza ndogo ya kando ya kiti chake, nikachukua kile kilichoumia, nikaenda zangu upande wa pili. Sikuwa na nia yoyote mbaya. Ningekuwa nayo ningesema, mimi si mtu wa kuogopa.

Wazee wakaja, salamu zikapigwa, mume wangu akakaa. Nikamsikia anafungua kitabu. "Tuko sura ya nne," akasema, "pale kwenye gogo." Akaanza kusoma. Maneno yalitoka sawasawa, neno kwa neno, nami najua kwa sababu ukurasa wenyewe ulikuwa umelala kwenye mapaja yangu, sindano ikiwa imechoma mgongo wake. Nikanyanyuka, nikachungulia pale mbao zilipoachana. Mume wangu alikuwa amekaa wima, analowesha kidole, anafunua ukurasa, anautazama, anafunua mwingine. Ukurasa aliouelekezea macho ulikuwa na mchoro mkubwa wa jogoo.

Kicheko kilinijia kwanza. Halafu nikaelewa. Nilikaa chini ya cherehani, nikajifunika uso kwa gauni la mtu, nikalia. Alikuwa haoni. Mume wangu alikuwa haoni kitu, na darasa zima lilikuwa linaitikia, "Naam, naam."

Wazee walipotawanyika nikaingia upande wake. Alikuwa anapangusa kioo, kazi aliyokuwa anaifanya kwa uangalifu mkubwa siku hizo.

"Leo ulisoma nini?" nikamwuliza.

"Sura ya nne. Kwani hukusikia?"

"Nilisikia. Hebu nionyeshe ulipoishia."

Akanipa kitabu kimefunguliwa, kidole chake juu ya mstari. Nikausoma kwa sauti, taratibu, maana kusoma kwangu ni kwa kukanyaga silabi moja moja. "Kuku mwenye kuhara atengwe na wenzake mapema." Kitambaa cha kupangusia kilimdondoka.

"Tangu lini?" nikasema.

Akakitafuta kiti kwa mkono, akakaa. "Zilianza kuondoka herufi ndogo, zile za maelezo chini ya ukurasa. Nikadhani ni taa. Halafu zikaondoka na kubwa. Sasa naona mwanga tu, na vivuli. Wewe nakujua kwa nyayo."

"Na vichwa vya watu unavinyoaje?"

"Kwa vidole. Kichwa hakifichi kitu, mama watoto. Na wembe niliuacha, unajua niliuacha. Sijamkata mtu."

Ni kweli hakuwa amemkata mtu. Lakini mimi nilikuwa nimewaka. "Wewe! Unakaa hapo kila Alhamisi unawaambia watu wasiufiche uzee! Na mimi mkeo umenificha! Tunalala kitanda kimoja!" Nilisema mengi, mengine siyasemi hapa. Hakujitetea, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu huyu hubishia hata redio.

Kesho yake nilimbeba mzima mzima mpaka hospitali. Kliniki ya macho iko ghorofa ya pili, na anayejenga kliniki ya macho juu ya ngazi sijui alikuwa anafikiri nini. Kila ngazi nilimwambia, "Moja hii. Nyingine hii. Taratibu." Alikuwa amekunja uso kwa aibu, akinong'ona nisiseme kwa nguvu, watu wasisikie. Nikasema kwa nguvu zaidi.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mwanetu wa mwisho. Alimtazama kwa mashine zake, akamtoa kidevu mashinini, akavuta kiti karibu. "Baba, hiki ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amekomaa kabisa. Huyo tunamtoa, ni kazi ya kila siku. Lakini jicho la kulia presha imeanza kupanda. Tukichelewa, presha itaua mshipa wa kuonea, na huo ukishakufa hakuna daktari wa kuurudisha."

"Binti yangu," mume wangu akasema kwa ile sauti yake ya Alhamisi, "wahenga wanatufundisha kwamba uzee upokelewe ulivyo."

"Sawa, baba. Mimi nazungumzia presha."

Nilimpenda yule binti. Akatupa tarehe ya kupasuliwa jicho la kulia, wiki mbili mbele. Tukashuka, moja hii, nyingine hii. Tulipofika barabarani akasema haendi.

"Hutaki kwenda wapi?"

"Kupasuliwa. Nimalize kitabu kwanza. Mtu haachi safari karibu na kufika."

"Utakimaliza kwa macho ya nani, baba watoto?"

Akafikiri. Nilimwona anavyofikiri, namjua, alikuwa anatafuta kichaka cha kujificha. "Yako," akasema. "Nisomee wewe mpaka mwisho. Ukimaliza, nitakwenda."

Alijua ninavyosoma. Alipiga hesabu kwamba kwa mwendo wangu wa silabi, na kwa maelezo yote yale, tutafika mwisho tukiwa tumeshazikwa. Nikasema, "Nimekubali. Kesho alfajiri, kabla sijafungua kazi." Moyoni nikasema, utanijua mimi ni nani.

Kazi ikaanza. Alikaa kwenye kiti chake, mimi kwenye benchi la wateja, miwani yangu ya kushonea puani, kitabu nilichokishona kikiwa mapajani. Nilisoma kama mtu anayevuka matope. Nikikosea, ananisahihisha kutoka kichwani. Nikipatia, ananisimamisha.

"Hapo simama. Kuhusu vumbi, kuna mfafanuzi anasema..."

"Sitaki mfafanuzi. Vumbi ni vumbi, mimi ndiye ninayefagia."

"Mama watoto, kitabu hakisomwi hivyo."

"Hiki kinasomwa hivyo. Presha haingoji mfafanuzi."

Siku zikapita. Nilishona nguo za watu mchana, sauti ikiwa imekauka, alfajiri narudi matopeni. Tulipofika kwenye gogo akakataa kata kata kusogea. Ati hatuwezi kwenda mbele kabla hatujapima hoja za pande zote. Akaniomba nichukue rafuni kile kitabu cha mti mgumu, halafu cha mti laini, nimsomee kurasa fulani. Tarehe ya hospitali ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikavitazama vile vitabu vya kaki, nikamtazama yeye na yale macho yake yenye ukungu yaliyoelekea dirishani badala ya kwangu, hasira zikanipanda na huruma ikapanda nazo.

"Wewe mtu," nikasema, "gogo ni mimi! Miaka yote unatafuta ni mti gani. Ni mimi hapa! Ukuta ni wewe, umebonyea huku na huku, na unaona haya kuegemea. Mzee wa kale kakwambia usione haya, wewe ukaenda kuuliza aina ya mbao!"

Nikafunua kurasa zote za maelezo kwa mkupuo mmoja, nikatua sura ya tano.

"Hujaelewa ya nne," akasema kwa unyonge, "utaielewaje ya tano?"

"Hata wewe hujaielewa, na umekaa humo mpaka ukapofuka. Sikiliza."

Nikatafuta mwanzo. Nikatafuta na mwisho. Vyote vilikuwa kwenye ukurasa mmoja, tena haukujaa. Nikasoma polepole, safari hii si kwa kushindwa:

"Mwanafunzi akasema, Mwalimu, nimesoma yote uliyonipa. Sasa nisome nini? Mzee akasema, Funga kitabu, mwanangu, unishike mkono. Giza limeingia machoni mwangu na siioni ngazi. Mwanafunzi akamshika. Wakashuka."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mume wangu alingoja.

"Endelea."

"Imeisha."

"Haiwezekani. Endelea."

"Baba watoto, imeisha. Baada ya hapa ni jalada."

Akasimama, akaligonga goti lake kwenye meza ndogo. "Umetunga! Umetunga wewe ili niende hospitali!"

"Mimi? Mimi najua kutunga? Mimi najua kutunga shanga, basi."

"Au kurasa umezishona huko ndani. Ulikishona kwa uzi wa viatu, sura nzima imebanwa humo! Niitie Kengele."

Nikavuka barabara nikiwa na khanga ya kulalia, sijali. Kengele akaja na mswaki mdomoni. Nikampa kitabu, sikumwambia neno. Akakikagua mgongo, akahesabu kurasa za mwisho, akasoma kwa ile sauti yake ya gwaride la shule: funga kitabu, unishike mkono, siioni ngazi, wakashuka. Kisha akavua miwani, akawa anaifuta, anaifuta, na ilikuwa safi.

"Ndivyo kilivyoandikwa," akasema. "Wala mimi nilikuwa sijui. Niliishia sura ya nne, mzee mwenzangu. Palinishinda pale kwenye gogo, ndiyo maana nikakupa wewe."

"Ala!" nikasema mimi.

"Na kwa kuwa nimeanza kukiri," akaendelea, "kuna Alhamisi moja nilikuwa mbele kabisa. Niliona picha ya jogoo."

"Uliona?" mume wangu akauliza. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni alama ya wahenga. Tangu siku ile natafuta maana yake."

Ilibidi niende uani. Nilicheka mpaka kuku wakanikimbia. Niliporudi Kengele alikuwa ameshaondoka, na mume wangu amekaa palepale, kitabu amekifunga, mikono yake miwili juu ya kaki.

"Wakashuka," akasema. "Basi kumbe mtu na hekima yake yote alikuwa anaomba mkono tu."

"Ndiyo hivyo."

"Mama watoto, mimi naogopa. Sasa hivi naona mwanga. Wakikosea, hata huo mwanga sitakuwa nao. Nikikiacha hiki kiti mimi ni nani? Nilikuwa naogopa tangu herufi ya kwanza ilipoondoka, ndiyo maana nikabaki mle sura ya nne. Mle nilikuwa nayajua maneno yote."

Miaka yote ile ya darasa hakuwahi kusema jambo la kweli kama hilo. Nikaenda nikasimama nyuma ya kiti chake, pale anaposimama yeye kunyoa watu, nikamwekea mikono kichwani. Mvi zilikuwa zimekua ovyo. Ni kweli kinyozi hajinyoi, na mkewe alikuwa hajatazama.

"Hata mimi naogopa," nikamwambia. "Tutaogopea njiani."

Nikachukua mashine nikamnyoa, ili aende kwa wauguzi akiwa nadhifu. Nilimharibu vibaya upande mmoja. Hakuona, nami sikumwambia.

Alhamisi iliyofuata mwenyewe aliwaambia wazee wa darasa, akiwa amesimama, hajakaa kwenye kiti. "Mimi sioni. Nimewadanganya. Wiki hii napasuliwa." Mmoja wa nyuma akasema walianza kushuku tangu siku alipomnyoa yeye nusu ya sharubu akamwambia ndiyo mtindo mpya. Wakamtania mpaka akatabasamu. Darasa likafungwa bila kusoma chochote.

Siku ya kupasuliwa alipanda zile ngazi ameushika mkono wangu waziwazi, na nikisema "Moja hii" anajibu kwa nguvu, "Nimeipata!" Walimchukua, mlango ukafungwa, nikabaki kwenye benchi la korido na kitambaa nilichobeba ili nishone vifungo. Sikushona hata kimoja. Niliutazama ule mlango kama una deni langu. Nikamwambia Mungu kwa ufupi, sina maneno mengi mimi, kwamba nimemchukia mtu huyu mara elfu lakini sijamchoka. Walipomtoa akiwa na jicho limefunikwa, kitu cha kwanza alichouliza ni kama nimekula.

Asubuhi ya pili tukarudi kufunguliwa. Yule binti daktari alimkalisha kwenye kiti chenye kuzunguka, kama cha kwake, na ukutani mbele yake palitundikwa ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini. Mimi nilisimama kando, nimeikamata kamba ya mkoba wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Akabandua plasta, akaondoa kile kifuniko, akampangusa.

"Fungua taratibu, baba. Usikaze. Tazama ubaoni, uniambie unaona herufi gani."

Mume wangu akafungua jicho. Likapepesa, likalowa, likapepesa tena. Halikwenda ubaoni. Liligeuka kando, likanitazama mimi. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka kidevu, akarudi juu, akapita kwenye mikunjo ya macho, kwenye nywele zilizochungulia chini ya kilemba, akakaa hapo. Sikumbuki mara ya mwisho alipokuwa amenitazama hivyo. Nilitaka kujifunika uso.

"Mama watoto," akasema, "umezeeka lini?"

Binti daktari akaacha kuandika. Mimi jibu langu lilikuwa tayari, nadhani lilikuwa tayari kwa miaka mingi.

"Ulipokuwa sura ya nne."

Jicho lile jipya likajaa. "Baba, usilie," daktari akasema haraka, "utaliwasha." Lakini alikuwa ameshaanza, na akiwa analia akasema, "Ile ya watu wa nyumbani niliisoma kwa siku mbili."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa nahesabu."

Alisoma ubao mpaka mstari wa pili kutoka chini. Daktari akafurahi, akampa dawa ya matone, akatupa tarehe ya jicho la kushoto. Tukatoka koridoni. Nilikuwa nimejikaza kule ndani, nilijikaza sana, lakini tulipofika kwenye ngazi nilipotazama chini sikuona ngazi wala ukuta, machozi yalikuwa yamenifunika. Nikasimama pale juu kama mtu mgeni wa miguu yake mwenyewe.

Akanishika mkono.

"Moja hii," akasema. "Nyingine hii. Taratibu."

Tukashuka.